Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kabati Langu la Muziki wa Filamu

Mgeni akija kwangu hunywa chai, huuliza habari za nyumbani, kisha macho yake huishia kwenye kabati lile lile lililoegemea ukuta wa sebule. Maswali yanayofuata nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyaandika. Anayekuja Jumamosi ayasome kwanza, ili tukikutana twende moja kwa moja kwenye kusikiliza.

Hasa unakusanya nini?

Muziki wa okestra uliotungwa kwa ajili ya filamu, na mchache wa michezo ya kompyuta. Nyimbo za redio zinazochomekwa kwenye filamu ili ziuze kanda sizitafuti. Ninautafuta ule unaopita chini ya maneno ya waigizaji: ala za nyuzi, tarumbeta, klarineti, ngoma kubwa za nyuma ya jukwaa. Watu wengi hutoka kwenye filamu wakiapa kwamba haikuwa na muziki kabisa, ilhali walilizwa nao.

Ninazo santuri, CD, na mafaili. Kanda za kaseti niliacha baada ya joto kuzipinda.

Mbona una albamu nne za filamu moja? Si muziki ni ule ule?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Noti alizoandika mtunzi ni zile zile. Lakini noti ni maandishi tu, na maandishi husomwa na watu, kila mmoja kwa pumzi yake. Chukua Star Wars ya 1977. Mtunzi wake, John Williams, alirekodi na London Symphony Orchestra, Machi 1977, katika studio za Anvil huko Denham, nje kidogo ya London. Filamu ilipovuma, mwongozaji wa okestra Zubin Mehta akarekodi sehemu zake na okestra ya Los Angeles Philharmonic, na mwongozaji mwenzake Charles Gerhardt akarekodi zake na National Philharmonic ya London. Williams mwenyewe ameurudia muziki huo mara nyingi tangu hapo, akiwa na okestra tofauti.

Zisikilize zote jioni moja. Kwa Gerhardt kila kitu kimepigwa pasi, unasikia hata kinubi kilichojificha. Kwa Mehta unahisi uko ukumbini, umekaa safu ya kati. Lakini ile ya kwanza ina njaa. Sababu moja ninayoijua ni Maurice Murphy, mpiga tarumbeta wa kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza ameingia London Symphony, na kazi yake ya kwanza kabisa kwenye kiti kile ilikuwa kurekodi Star Wars. Ile noti ya juu ya tarumbeta inayofungua filamu ni ya mtu aliye siku yake ya kwanza kazini. Alikaa kwenye okestra ile miaka 30, na mimi kila rekodi nyingine ninayoisikia namtafuta yeye.

Sasa niambie niuze zipi kati ya hizo.

Nimenunua albamu ya filamu niliyoipenda, mbona haifanani na nilichokisikia?

Pengine hujakosea. Zipo njia kadhaa za jambo hili kutokea, na zote ni halali.

Ya kwanza: muziki ulirekodiwa upya kwa ajili ya albamu. Jaws ya 1975, ile filamu ya papa muuaji, ni mfano maarufu. Santuri iliyouzwa wakati ule ilipigwa upya, vipande vikarefushwa na kupambwa ili vimpendeze mtu aliyekaa nyumbani bila papa mbele yake. Rekodi zenyewe za filamu zilikuja kutolewa kwenye CD mwaka 2000, na mwaka huo huo ikatoka nyingine mpya iliyopigwa na okestra ya taifa ya Scotland. Ndiyo maana mashabiki wawili wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu Jaws na wote wakawa sahihi. Kila mmoja ana Jaws yake.

Ya pili: mtunzi amepanga vipande upya. Santuri mbili za Star Wars za 1977 hazifuati mtiririko wa hadithi, kwani Williams alizipanga kama mtu anayepanga tamasha.

Ya tatu ndiyo huniuma zaidi: filamu yenyewe ndiyo iliyokatakata muziki. Jerry Goldsmith alitunga muziki wa Alien, 1979. Waliohariri filamu wakahamisha vipande, wakachukua kipande chake kingine cha filamu ya Freud ya 1962, na mwishoni kabisa wakaweka sehemu ya simfonia ya pili ya Howard Hanson. Ukinunua albamu ukaenda kutafuta ule mwisho, utatafuta sana. Kwa upande mwingine albamu ndiyo inayokuonyesha alichokusudia Goldsmith, na alichokusudia kinatisha kuliko kilichobaki kwenye filamu. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "ipi ya kweli".

Kuna na kinyume chake. Katika mwisho wa E.T., 1982, Williams alihangaika kuilinganisha okestra na picha mpaka mwongozaji wa filamu, Steven Spielberg, akamwambia azime picha, apige kama yuko tamashani. Kisha filamu ikahaririwa kufuata muziki. Bahati kama hiyo huwapata watunzi wachache.

Hatari! si ile filamu iliyopigwa kwetu Arusha?

Ndiyo hiyo. Mwongozaji Howard Hawks alileta kikosi chake, mwigizaji John Wayne akiwemo, Tanganyika ikiwa kwenye mlango wa uhuru, na filamu ikatoka 1962. Muziki ni wa Henry Mancini. Kipande cha watoto wa tembo kinachoitwa Baby Elephant Walk kimesikika duniani kote, hata na watu wasiojua kwamba "hatari" ni neno la Kiswahili. Kinachokifanya kichekeshe ni klarineti ndogo, ile yenye sauti kali, na kinanda cha mvuke cha kwenye sarakasi, juu ya besi ya bugi-wugi. Hakuna kitu cha Arusha ndani yake. Lakini ukiwatazama wale tembo wakitembea nyuma ya yule dada wa kwenye filamu kuelekea majini, huwezi kufikiria sauti nyingine. Mancini alipata tuzo ya Grammy kwa mpangilio wa kipande hicho.

Santuri ya RCA Victor nayo ilipigwa upya, kwani hiyo ilikuwa desturi ya Mancini: filamu ni kazi moja, santuri ni biashara nyingine. Kuna kipande kinaitwa Big Band Bwana. Wageni wangu wote hucheka wakiona jina hilo kwenye jalada. Rekodi za filamu yenyewe zilikaa kabatini miongo mingi kabla ya kampuni ya Intrada kuzitoa. Nikiziweka pamoja, ya santuri imenawa uso na kuvaa viatu, na ya filamu ina vumbi zaidi, ngoma ziko karibu, hofu ya faru ipo. Kusikiliza ninachagua santuri. Kukumbuka filamu, ile nyingine.

Na Out of Africa je?

John Barry, 1985, tuzo ya Oscar. Ala za nyuzi zinazopanda polepole kama ndege ndogo juu ya Bonde la Ufa. Muziki wake kwenye filamu ni mchache kuliko watu wanavyokumbuka. Filamu ni ndefu, inapita dakika nyingi bila Barry, na kipande kingine ambacho watu hudhani ni chake ni konseto ya klarineti ya Mozart, ile inayolia kwenye gramafoni.

Kuna watu huniuliza kama simwonei Barry haya kwa kutokuweka hata ngoma moja ya Kikuyu. Jibu langu: hakuandika kuhusu Kenya, aliandika kuhusu wageni wawili waliopendana ndani ya Kenya, na hilo alilijua. Born Free ya 1966, pia yake na pia iliyopigwa Kenya, ilimpa Oscar mbili, moja ya muziki na moja ya wimbo. Mimi naiona Born Free kuwa kazi yenye moyo zaidi, lakini hapa nyumbani nimeshindwa kura.

Kwa nini albamu za zamani ni fupi hivyo? Filamu saa mbili, CD nusu saa!

Pesa. Enzi za santuri kulikuwa na mpaka wa kimwili, kwani upande mmoja ulibeba kama dakika 20 na ushee. CD ilipokuja mpaka huo ukaondoka, lakini muziki uliorekodiwa Los Angeles ulikuwa chini ya mkataba wa chama cha wanamuziki wa Marekani, na kuutoa kwenye albamu kulidai malipo ya ziada kwa kila mwanamuziki aliyepiga. Kadiri albamu ilivyorefuka, ndivyo bili ilivyopanda. Kampuni kama Varèse Sarabande zikawa zinatoa CD za dakika 30, na sisi tukawa tunanuna. Uliorekodiwa London mara nyingi haukuwa na mzigo ule, ndiyo maana albamu zake zilikuwa nene.

Baadaye yakaja makubaliano nafuu kwa matoleo ya nakala chache za muziki wa zamani. Ndiyo asili ya lile tangazo "nakala 3,000 tu" unaloliona kwenye matoleo ya Intrada, La-La Land au, kabla haijasimama, lebo ya Film Score Monthly. Wengi hudhani ni ujanja wa soko. Ujanja upo kidogo, lakini namba ilianzia kwenye mkataba.

Rekodi mpya ya muziki wa zamani si sawa na nakala feki?

La hasha. Feki ni kuiba. Hii ni kusoma upya.

Na mara nyingine ndiyo njia pekee. MGM, studio kubwa ya filamu ya Hollywood, mwishoni mwa miaka ya 1960 iliitupa maktaba yake ya karatasi za muziki. Karatasi za okestra nzima, kazi ya miongo, zikaishia jalalani. Ili muziki ule upigwe leo, lazima mtu akae na filamu, asikilize, aandike noti moja moja, huku waigizaji wakiongea juu yake. Kila ninapowaza kazi hiyo naacha kulalamika kuhusu bei ya CD.

Upendo wangu ulianzia kwenye rekodi za namna hii. Mwaka 1972 Gerhardt alianzisha mfululizo wake wa RCA kwa kuipiga upya The Sea Hawk ya Erich Wolfgang Korngold, filamu ya 1940. Mtayarishaji alikuwa George Korngold, mwana wa mtunzi. Sauti ya filamu yenyewe ni ya enzi zake, nyembamba, kama inatoka kwenye kopo. Ghafla muziki ule ule umesimama chumbani kwako. Wapo wanaosema Gerhardt alipamba mno. Naam, alipamba. Ndoa nayo hupambwa.

Kisha kuna muziki uliokataliwa, na hapa nitakaa kidogo. Alex North alitunga muziki wa 2001: A Space Odyssey, 1968. Mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa amehariri filamu akitumia rekodi za kushikilia nafasi: Richard Strauss, Johann Strauss, Ligeti, Khachaturian. Akazizoea, akaziacha humo humo, na North akaja kugundua kwenye onyesho la kwanza kwamba muziki wake haumo. Alifariki 1991. Mwaka 1993 rafiki yake Jerry Goldsmith akasimama mbele ya National Philharmonic na kuupiga wote. Mwaka 2007 Intrada wakatoa rekodi za North mwenyewe za 1968. Hiyo ndiyo jozi ninayoithamini kuliko zote kabatini. Goldsmith ana okestra iliyopumzika na sauti safi, na anapiga kama mtu anayemzika rafiki kwa heshima. North ana presha ya mtu ambaye bado anaamini kazi yake itatumika. Ufunguzi ukipigwa kwenye rekodi ya 1968, mimi huzima taa.

Je, Kubrick alikosea? Hapana. Na hilo ndilo linaloumiza.

Mtunzi akipiga kazi yake mwenyewe, si hiyo ndiyo ya mwisho?

Ungefikiri hivyo. Bernard Herrmann alitunga Psycho ya 1960 kwa ala za nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma. Mwongozaji wa filamu, Hitchcock, mwanzoni hakutaka muziki kwenye tukio la bafuni. Herrmann akautunga hata hivyo, na zile fidla zinazopiga kelele unazijua hata kama hujaiona filamu. Mwaka 1975 aliurekodi muziki wote upya London. Ni polepole! Polepole waziwazi kuliko kwenye filamu. Miaka michache baada ya kifo chake, mashabiki walikuwa bado wanagombana kuhusu hilo. Mwendo wa filamu unakimbiza, mwendo wa 1975 unakukalia kifuani. Mwongozaji wa okestra Joel McNeely alipoupiga na ile okestra ya taifa ya Scotland miaka ya 1990, aliurudisha karibu na kasi ya awali, na mimi ndiyo ninayompa mgeni wa kwanza. Ya Herrmann naiweka kwa mgeni wa tatu.

Unalinganishaje? Una kifaa maalumu?

Sina. Nina hedifoni za kawaida, daftari, na saa.

Sheria ya kwanza sitaivunja kwa mtu yeyote: sawazisha sauti. Rekodi inayolia juu zaidi kidogo tu itaonekana bora, hata kama ni mbovu. Sikio hudanganyika hivyo. Matoleo mengi "yaliyosafishwa upya" hayajasafishwa chochote, yamepandishwa sauti tu.

Halafu chagua kipande kifupi, dakika mbili zinatosha, na usikilize kitu kimoja kwa raundi. Raundi ya kwanza mwendo: andika sekunde. Ya pili, chumba: je, noti ya mwisho inafia hapo hapo au inatembea ukutani? Ya tatu, nani yuko mbele. Kuna wahandisi wa sauti wanaompa mpiga kinubi kiti cha mbele kuliko mgeni rasmi. Ya nne acha daftari, funga macho.

Kosa nililolifanya miaka mingi ni kuanza na ile niliyoizoea. Ukianza nayo umekwisha kuamua. Siku hizi naomba mwanangu achague mpangilio bila kuniambia. Ameshanifedhehesha mara mbili kwa kunifanya niikandie rekodi niliyokuwa nikiisifu kwa watu.

Baba Yetu nayo imo?

Imo, na ina rafu yake! Christopher Tin aliitunga kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV, 2005, kwa maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Kwenye mchezo waliimba Talisman, kwaya ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kwenye albamu ya 2009 ni Soweto Gospel Choir pamoja na Royal Philharmonic. Rekodi hiyo ilishinda Grammy mwaka 2011, na ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo.

Sisi tunasikia kitu ambacho mashabiki wengine hawasikii. Neno "yetu" linarudiwa mahali ambapo hakuna Mswahili angeliweka, na "mbinguni yetu" ingemfanya mwalimu wangu wa darasa la nne achukue kalamu nyekundu. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili nikagundua silabi zile zimewekwa kama ngoma, si kama sarufi. Kati ya hizo mbili, Soweto wana kifua na okestra ina upana, lakini wanafunzi wa Stanford wana furaha ya watu wasiojua kwamba watasikika. Jumapili naweka Soweto. Nikiwa peke yangu, Stanford.

Huu si muziki wa Wazungu tu?

Waulize wazee wa Unguja. Taarabu ya vikundi vikubwa, yenye safu za fidla, ganuni, udi na akodiani, ilijengwa kwa masikio yaliyokuwa yamejaa okestra za filamu za Misri. Na Mombasa, Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili juu ya tuni za filamu za Kihindi. Pwani ilikuwa inakusanya na kulinganisha muziki wa filamu kabla mimi sijazaliwa.

Nianze na nini, na itanigharimu kiasi gani?

Bure. Chagua filamu moja unayoijua kwa moyo, tafuta mtandaoni rekodi mbili za muziki wake, na usikilize kipande kile kile mara tatu. Usinunue kitu kwa miezi sita. Ukiagiza kutoka nje, ulizia ushuru kabla, si baada. Mimi niliwahi kulipa zaidi kuitoa CD kuliko kuinunua, na jalada lilifika limevunjika.

Utaniazima?

Mafaili, kaa hapa usikilize. CD, kama umewahi kurudisha kitu. Santuri, hapana.

Iliyo ya kwanza kabisa ni ipi?

Hatari! Mjomba wangu alikuwa dereva Arusha, na santuri ile aliipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kile kipande cha tembo, kwa hiyo klarineti ilikuwa inapanda, inapanda, kisha sindano inaruka na tembo wote wanajikuta upande wa pili wa mto. Tuliicheza hivyo utoto mzima. Tulijifunza kuruka nayo, watoto sita sebuleni, wote pamoja mahali pale pale.

Na ukipata nakala safi, hiyo utaitupa?

Nakala safi ninayo. Niliinunua nikiwa mtu mzima, haina hata kovu. Nikiicheza, klarineti inapofika pale, inapita salama na kuendelea na safari yake, na mguu wangu unaruka peke yake.